Nilisema Nimefuta

Juni 2024 nilirudi nyumbani Kichiwa, mkoani Njombe, kumalizia sura mbili za mwisho za tasnifu yangu ya uzamili. Nilijipa wiki sita. Mwezi huo kwetu ni wa kukaa jikoni: ukungu hauondoki kabla ya saa nne asubuhi, na anayeandika kwa kompyuta hulazimika kuota moto vidole kila baada ya aya mbili.

Siku ya tatu kompyuta ikaanguka. Nilikuwa kwenye bodaboda, mkanda wa begi ukakatika, tukasikia kishindo nyuma yetu. Nilipoiwasha nyumbani ilitoa mlio wa ta-ta-ta, kama mtu anayegonga mlango kwa kucha, kisha kioo kikabaki cheusi. Kesho yake nilikwenda Makambako kwa fundi mmoja anayekaa kwenye kibanda karibu na stendi. Aliifungua, akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akaniambia diski imekufa. Kuweka mpya anaweza. Kurudisha vilivyokuwemo, hapana.

"Ulikuwa unatunza nakala?" akauliza.

Nilikuwa nazitunza, ingawa sifa si yangu. Mwaka mmoja kabla, nilipoanza kukusanya data, rafiki yangu wa chuoni alinishauri niwashe programu ya nakala rudufu inayokuja na Windows, ile iitwayo File History. Niliiwasha, nikaiunganisha na diski ya nje, nikaisahau. Yenyewe haikunisahau. Kila ilipokuta diski ile imechomekwa, ilipita saa kwa saa kwenye folda zangu, ikanakili chochote kilichobadilika na kubandika tarehe na saa mwishoni mwa jina. Sura niliyoihariri siku ishirini ilikuwa na nakala zaidi ya mia. Vilevile vitu nilivyokuwa nimevifuta kwenye kompyuta vilibaki kule, kwa sababu programu ile kazi yake ni kuweka. Unachokitoa mezani, yenyewe inadhani umekipoteza.

Kwa hiyo nilikuwa na kila kitu na sikuweza kupata chochote. Mafaili yalikuwa maelfu kwa maelfu, mengi yana majina yanayofanana ila dakika. Hapo ndipo nilipojifunza programu mbili ninazotaka kuzieleza kidogo, kwa sababu swali la insha hii limefichwa ndani ya namna zinavyofanya kazi.

Ya kwanza inaitwa Everything. Hiyo hutafuta majina. Haipiti folda moja moja. Inasoma ile orodha kuu ya diski ambamo Windows huandika jina la kila faili na mahali lilipo, kwa hiyo ukichapa herufi tatu tu majibu yanakuja kabla hujainua kidole. Ya pili inaitwa DocFetcher. Hiyo hutafuta maneno yaliyomo ndani. Mara ya kwanza inachukua muda: inafungua kila waraka, inachambua maneno yake, inayapanga kwenye faharasa kama ile ya mwisho wa kitabu. Kwangu ilichukua usiku mzima. Asubuhi ukiuliza neno, inakuonyesha kila mahali ulipowahi kuliandika, hata pale usipokumbuka.

Asubuhi ile niliuliza neno "ulanzi". Nilikuwa natafuta maelezo ya bibi mmoja aliyesema kwamba walipohamishwa, kilichomuuma mumewe zaidi ya nyumba ni mianzi yake ya kugemea iliyobaki kule. Yalitoka majibu thelathini na moja. La tisa lilikuwa faili ambalo nilimwambia mtu, nikimtazama usoni, kwamba nimelifuta.

*

Utafiti wangu ni kuhusu kuhamia vijijini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kuishi vijijini kutakuwa amri, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu nchi nzima. Wakati huo Njombe ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Iringa. Mengi yameandikwa kuhusu sera yenyewe. Mimi nilitaka kujua wiki moja tu: ile ya kuhama. Nani alibeba nini, nani aliacha nini, usiku wa kwanza walilala wapi. Nilikuwa nafuata nyayo za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokwenda kwa wazee wa kusini mwaka 1968 kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Wao walikwenda na madaftari. Mimi nilikwenda na simu.

Agosti 2023 nilimhoji mzee mmoja ambaye hapa nitamwita Mzee tu. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na kitongoji chake sikitaji. Tulikaa nje juani, akanisimulia kwa dakika arobaini na nane. Nikashukuru, nikazima simu, tukanywa chai. Baada ya chai akanitazama muda mrefu, akasema: "Washa tena."

Nikawasha. Akazungumza dakika kumi na moja. Alisema jambo alilolitenda yeye mwenyewe, mwaka ule, kwa jirani.

Usiku ule sikulala. Nilinakili sauti zote mbili kwenye kompyuta, nikaandika maneno yote ya ile ya pili hadi saa nane. Mtu yeyote aliyewahi kufanya utafiti wa masimulizi ataelewa. Wazee ishirini na wawili walinieleza jinsi walivyotendewa. Huyu peke yake alinieleza alichotenda.

Baada ya siku tatu akanipigia. Nilimkuta amekaa palepale, amevaa koti lake la kanisani.

"Kamwene, Babu."

"Kamwene. Kaa." Nikakaa. "Lile la mwisho, lifute."

Nilimkumbusha kwamba jina lake halitatumika. Akatikisa kichwa. "Najua. Lifute, mjukuu wangu. Hilo nitamwambia mwenyewe mwenye nalo."

Fomu ya ridhaa niliyompa asaini ilisema wazi kwamba anaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu. Nikatoa simu, nikamwonyesha faili, nikalifuta mbele yake. Akaomba aone palipokuwa pale. Nikamwonyesha. Jioni nikafuta na lililokuwa kwenye kompyuta pamoja na maandishi yake, nikamwaga na pipa la taka. Kesho yake nikampigia: "Nimefuta kila mahali, Babu." Akasema asante.

Mzee alifariki Februari 2024. Nilikwenda msibani.

*

Sikusema uongo, nilijiambia asubuhi ile mbele ya jibu la tisa. Niliyasema nikiyaamini. Kisha nikaanza kuchunguza neno lenyewe, kwa sababu niligundua sikuwahi kujua kufuta ni nini.

Kwenye diski ya kawaida ile inayozunguka, ukifuta faili kompyuta haiyagusi maandishi yenyewe. Inaweka alama kwenye orodha kwamba nafasi ile sasa iko huru, basi. Maneno yanabaki pale gizani mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake, na siku hiyo inaweza kuwa kesho au isifike kabisa. Ndiyo maana kuna programu kama Recuva na PhotoRec zinazorudisha vilivyofutwa. PhotoRec haihitaji hata ile orodha: inapita diski yote ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, inaokota vipande, inaviunga. Diski mpya zisizozunguka zina tabia tofauti kidogo, nyingi hujisafisha zenyewe baada ya muda. Lakini jambo la msingi ni lilelile. Neno "futa" kwenye kioo maana yake ni "acha kunionyesha".

Wanafunzi wa 1968 hawakuwa na tatizo hili. Mzee angewaambia "chaneni ukurasa huo", wangeuchana, wangeutia motoni, na wote wawili wangeona majivu. Mimi nilimwonyesha Mzee nafasi tupu kwenye kioo, akaniamini kama anavyoamini majivu.

Hapo niliona kwamba nilichompa hakikuwa tendo lililokwisha. Kilikuwa ahadi. Tendo lilikwisha jioni ile ya Agosti, na lilishindikana. Ahadi ilikuwa bado inaendelea, na sasa ilikuwa inanidai. Wahenga waliposema ahadi ni deni hawakusema deni linakufa na anayekudai.

Ningelifuta papo hapo, insha hii isingekuwepo. Nilifunga kompyuta, nikaenda kuchota maji.

*

Usiku wa siku ya pili nilifanya jambo ambalo naona haya kuliandika. Mara ya kwanza faili lilijitokeza lenyewe. Nilikuwa natafuta ulanzi. Mara hii nilifungua Everything nikachapa jina la Mzee, herufi kwa herufi, na nilijua ninachotafuta. Sauti ikatokea: dakika kumi na moja, tarehe na saa mwishoni. Nikavaa spika za masikioni ili nyumbani wasisikie.

Nilisikiliza yote.

Mashine haikunishawishi. Watu wengi hulaumu programu hizi, kwamba zinafukua, kwamba hazina aibu. Lakini programu ya kutafuta ni kitu kipole mno. Inakaa kimya mpaka uulize. Ina kisanduku kimoja kitupu, na chochote kinachoandikwa mle kimetoka kwako. Kuna tofauti kati ya kukikuta kitu njiani na kukifuata kilipo, na tofauti hiyo haionekani kwenye matokeo. Jibu ni lilelile. Aliyebadilika ni aliyeuliza.

Kesho yake nilimpigia rafiki yangu yule aliyenishauri kutunza nakala. Naye anasoma uzamili, historia kama mimi, na ana akili kali. Nilitaka aniambie nifute. Hakuniambia hivyo.

"Unajua Hanslope Park?" akaniuliza.

Nilipajua, kila anayesoma historia ya Afrika Mashariki siku hizi anapajua. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Ushahidi wa maandishi ulikuwa haba, kwa sababu kabla ya uhuru wa Desemba 1963 maofisa wa kikoloni walichoma sehemu ya majalada na nyingine wakaisafirisha kwao. Kwa miongo mingi majalada yale hayakuwa kwenye orodha yoyote ambayo msomaji angeweza kuiomba. Mwaka 2011, baada ya mwanahistoria David Anderson kuieleza mahakama kwamba hayo majalada lazima yawe mahali, serikali ikakiri kuwa inayo, kwenye jengo lake la Hanslope Park: majalada takriban 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, Tanganyika ikiwemo. Juni 2013 William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitangaza bungeni fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

"Karatasi zilikuwa rafuni miaka hamsini," rafiki yangu alisema. "Kilichokosekana ni faharasa. Sasa wewe una faharasa mkononi, una mtu anayekiri alichomtendea jirani yake kwa amri ya serikali, na unataka kufuta? Utakuwa unafanya kazi ya wale maofisa. Tena Mzee ameshafariki. Hawezi kuumia. Jirani yake je?"

Nikamwambia kuhusu fomu ya ridhaa. Nikamwambia tuna sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwamba mtu ana haki ya kuomba taarifa zake zifutwe.

"Sawa, zake," akajibu. "Na za jirani?"

Sikuwa na jibu. Hoja yake ilikuwa na nguvu pale nisipotaka iwe nayo. Nilikuwa nimejipanga kumtetea mzee mnyonge dhidi ya mtafiti mwenye tamaa, yaani mimi. Yeye akanikumbusha kwamba katika habari ile Mzee si mnyonge. Mnyonge ni mwingine, na hakuna aliyempa fomu.

Nilifikiri siku kadhaa, nikapata nusu ya jibu. Majalada ya Hanslope Park yalifichwa na waliotenda, wakiwaficha waliotendewa, ili wasiulizwe kamwe. Mzee hakuulizwa na mtu. Yeye ndiye aliyesema "washa tena". Na alipoomba nifute hakusema jambo lile lisijulikane; alisema atalipeleka kwa mwenyewe. Mtu aliyefungua mdomo kwa sababu anaamini anaweza kuufunga, ukimnyima kuufunga umeiba hata kule kufungua. Mzee mwingine atakayeombwa kusimulia atajua kwamba neno likishaingia kwenye simu ya mwanafunzi halina mwenyewe tena, naye atasimulia mvua.

Lakini hilo lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa swali ambalo hakuna programu ingeweza kunitafutia: je, alikwenda? Alimwambia mwenye nalo kabla ya kufa? Kama alikwenda, kufuta ni kutimiza ahadi. Kama hakwenda, kufuta ni kumzika jirani mara ya pili, na mwenye koleo ni mimi.

*

Bibi yule alikuwa tayari kwenye orodha yangu ya watu wa kuhojiwa. Mwaka uliotangulia nilimkosa kwa sababu alikuwa Makambako kwa binti yake, anauguliwa. Kwa hiyo nilipokwenda kwake mwanzoni mwa Julai nilikuwa na sababu halali kabisa, na nilijua kwamba sababu halali haikuwa sababu yangu.

Alikuwa jikoni anatoa njegere kwenye maganda. Nikaketi kwenye kigoda, nikachukua fungu langu nikaanza kumsaidia. Nilimsomea fomu, akasema yeye hataki simu, ila nimsikilize kwa masikio. Nikaizima nikaiweka mfukoni.

Nikamuuliza swali ninalowauliza wote: wiki ile ya kuhama ilikuwaje?

"Walikuja saa nne asubuhi," akasema. "Jua limeshatoka. Mtoto wangu alikuwa na siku kumi na mbili. Nikaomba wiki moja tu, nitoe mahindi kwenye kihenge, mume wangu arudi, alikuwa kazini kwenye miwati. Wakasema amri ni leo. Akawasha jiko kwanza. Halafu nyumba. Kihenge kikashika chenyewe. Mahindi, mjukuu wangu, yanaungua polepole. Siku ya tatu bado yalikuwa yanatoa moshi."

"Nani aliwasha, Bibi?"

Niliuliza kama asiyejua. Hilo nalo liandikwe.

Alilitaja jina bila kuinua macho kwenye njegere. Alilitaja kama unavyotaja jina la mtu wa ukoo.

"Ulijua siku zote?"

"Nisijue vipi? Ilikuwa mchana. Alikuwa kijana wa mgambo, mrefu, tulicheza naye tukiwa wadogo. Kila mtu wa rika langu anajua. Nyie ndio hamjui."

Mikono yangu ilisimama. Wiki nzima nilikuwa nimebeba siri ambayo haikuwa siri. Nilijiona kama mlinzi wa mlango, niamue nani aingie na nani asiingie, kumbe nyumba haina ukuta. Walionana kanisani miaka arobaini na tisa. Watoto wao walisoma darasa moja. Yeye alijua, naye alijua kwamba anajua, na kijiji kizima cha rika lao kiliishi na hilo katikati kama mnavyoishi na jiwe kubwa uani: mnalizunguka, mnaanikia nguo.

"Alikuja hapa mara mbili kabla hajafa," Bibi akaendelea. "Septemba, tukazungumza mvua. Karibu na Krismasi akaja na debe la viazi. Akakaa hapo ulipokaa. Akaangalia moto, akaangalia, akaondoka." Alimwaga njegere kwenye ungo. "Wanasema mtenda husahau. Mimi nikawa najiuliza: huyu anakumbuka, au ni uzee tu unamzungusha? Hilo ndilo nilikuwa sijui. Nyumba najua. Moto najua. Kama anakumbuka, sijui."

Katika maisha yangu ya masomo sijawahi kuwa na jibu lililo tayari namna ile. Nilikuwa nalo kwa dakika na sekunde. Nilikuwa nalo kwenye diski ya nje, chumbani, umbali wa nusu saa kwa miguu.

"Alikumbuka, Bibi."

Hakuniuliza nimejuaje. Alisema, "Haya." Akaendelea na njegere. Tulimaliza fungu lote hatujasema kitu. Kisha akauliza, taratibu: "Alisemaje?"

"Hilo sina ruhusa ya kulisema."

Akafikiri. "Basi liache," akasema.

*

Nimejiuliza mara nyingi kama neno lile moja lilivunja ahadi. Nadhani lilivunja. Nilimwambia Mzee kwamba dakika zile kumi na moja hazipo, na nilichomwambia Bibi kilitoka ndani yake. Siwezi kujificha nyuma ya ufupi wa neno. Ninachoweza kusema ni kwamba Mzee mwenyewe alikwenda pale mara mbili kulisema likamshinda, na nilichofanya ni kufikisha kile tu kilichokuwa kimeshaanza safari. Kama hilo ni kosa, ni kosa ninaloweza kuishi nalo. Kumwacha Bibi na swali lile nisingeweza.

Yaliyobaki sikuyafikisha. Sauti ile ilikuwa ya Mzee: namna alivyokohoa, alichokiita kitendo chake, kisingizio alichokianza akakiacha katikati. Hayo aliyaomba yarudi kwake na yamerudi. Lakini moto haukuwa wake peke yake. Rafiki yangu alikuwa sahihi kwa hilo, na mimi nilikuwa nimekosea kudhani kwamba habari moja ina mwenyewe mmoja. Ukifuta sauti ya aliyetenda hujafuta kilichotendeka, mradi aliyetendewa yupo na ana masikio ya kumsikiliza. Hatari ya Hanslope Park inaanzia pale ambapo karatasi ya mtendaji ndiyo ushahidi pekee unaokubalika, mpaka mtu aliyechomewa nyumba anaambiwa asubiri hati ya aliyemchomea. Wazee wale wa Kenya walikuwa wameishi na makovu yao nusu karne nzima. Waliombwa karatasi.

Utauliza: na insha hii? Kabla sijaondoka nilimuuliza Bibi kama naweza kuandika. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kupita kwenye uwanja wake.

"Andika. Nyumba ilikuwa yangu," akasema. "Jina usiweke. Ana wajukuu, na wa kwangu wanasoma nao."

Kwa hiyo yote uliyosoma hapa kuhusu saa nne asubuhi, jiko, kihenge na moshi wa siku tatu yametoka mdomoni mwake. Kwenye tasnifu yamo pia, kwa maneno yake, nimeyaandika kwa kalamu.

Usiku ule nilifuta kwa mara ya pili. Safari hii nilitumia programu inayoandika sifuri juu ya nafasi yote ya faili kabla ya kuliachia: kwanza maandishi na nakala zake zote, halafu sauti. Kisha nikauliza tena "ulanzi" kwenye DocFetcher. Faili lilijitokeza, la tisa, vilevile. Nilishtuka, kisha nikaelewa. Faharasa ilikuwa bado ya zamani. Inakumbuka kilichokuwepo siku ilipotengenezwa. Nikaiamuru ijipange upya. Baada ya saa mbili yalibaki majibu ishirini na tano.

Kulikuwa na jambo moja lililosalia. Wiki mbili nyuma mjukuu wa Mzee, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amenitumia ujumbe. Alisikia kwamba nilimhoji babu yake. Hawakuwa na sauti yake hata kidogo, hata ujumbe wa simu, na mama yake alikuwa anaulizia. Sikuwa nimemjibu.

Asubuhi nilimtumia ile ya kwanza, dakika arobaini na nane. Jioni akajibu kwamba wamekaa sebuleni wote wakaisikiliza, na mama alicheka pale babu anapogombana na jogoo katikati ya sentensi. Akashukuru. Kisha akauliza: "Ni hii tu?"

Nikamjibu: "Ndiyo niliyo nayo."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimehakikisha nimefuta kwanza ndipo nijibu, ili iwe kweli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama kupanga saa namna ile kunatosha.